Wakili Aliyerudi kwa Miguu

Kwenye sherehe ya kuniaga niliombwa niseme maneno machache. Mdomo wangu ulikuwa umejaa sambusa, kwa hiyo nikapunga mkono tu, watu wakapiga makofi, mambo yakaisha. Wanjiru, binti wa Kikenya niliyefanya naye kazi miaka ya mwisho, hakuridhika. Alinifuata mpaka kwenye makoti. "Auntie, wacha kutuhepa," akasema. "Andika hizo stori zako. Tutasoma kwa basi." Basi someni. Mshahara sitauzungumzia, mnaujua wenyewe, na mkiusahau mwenye nyumba atawakumbusha mwisho wa mwezi. Vyeo navyo sikupata vya kusimulia, ila mara moja nilikabidhiwa ufunguo wa stoo.

Nilianza kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nakaa Dixon Road, Toronto, karibu na uwanja wa ndege, ghorofani, kama ninavyokaa mpaka leo, ndege zikishuka juu ya sufuria zangu. Mteja wangu wa kwanza alikuwa bibi wa Kitaliano, mjane, aliyekaa Downsview kwenye jengo lililopakana na maghala. Kwetu Tabora mwanamke humsalimia mtu mzima kwa kupiga goti, na siku ile, kwa woga, goti likajipiga lenyewe. Bibi akadhani nimeangusha kitu. Akavaa miwani, akainama na yeye, tukapekua zulia zima wote wawili. Alipochoka akanipa hereni yake moja ya zamani, akiamini yangu imepotea. Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza, na ilibidi msimamizi wangu aende kuirudisha.

Jina langu ni Mwajuma. Lilikuwa refu mno kwa wazee wengi, wakalifupisha nikawa Juma, ambalo ni jina la mjomba wangu. Nilizoea.

Baada ya kisa cha hereni nilipelekwa kwa Mama Nsimire anifundishe kazi. Alikuwa mtu wa Bukavu, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu walioko ng'ambo ya ziwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga ule mkanda wa kiunoni wa kumnyanyulia mgonjwa, uwe umebana kiasi cha kupitisha vidole tu, na kwamba anayenyanyua ni miguu yako, mgongo wako uuache utulie. Alinifundisha kutandaza taulo kwenye hita kabla sijafungua bomba, maana mzee akishaguswa na taulo baridi, siku hiyo imeharibika. Nyie mna vinyanyulio vya umeme, na ninavipenda, lakini taulo hazipashi moto zenyewe.

Jambo kubwa kuliko yote alinifundisha jikoni kwa mshonaji mmoja mzee ambaye akili ilikuwa imeanza kumtoka na alikuwa amegoma kula. Mimi nilikuwa nimemuuliza kila kitu: unataka uji, unataka mkate, leo siku gani, huyu kwenye picha ni nani. Alinigeuzia uso ukutani. Mama Nsimire akanisogeza kwa kiwiko, akashika kola ya shati lake mwenyewe, shati la bei ya chini kabisa, akasema kwa sauti, "Hii shati imeshonwa vizuri sana." Mzee akageuka. Akaitazama ile kola kama mtu aliyetukanwa. Alieleza makosa ya ule mshono kuanzia kolani mpaka kwenye pindo, na huku anaeleza, Mama Nsimire anamlisha.

Tulipotoka nje akaniambia, "Dada, mutu ambaye kichwa kinamuponyoka, usimuulize kitu. Ukimuuliza, unamupa mtihani. Atashindwa, atapata haya, atakasirika. Weye kosea. Ukikosea, mtihani ni yako, yeye anakuwa mwalimu. Voilà." Nimefanya kazi zaidi ya miaka kumi na tano kwa sentensi hiyo. Mama Nsimire alirudi kuwatazama watu wake na hakurejea tena Toronto, na kila ninapokosea makusudi namkumbuka.

Sasa niwape habari ya Mzee Walter Pellbrook, ambaye kwangu ndiye kazi ngumu na kazi tamu kuliko zote. Alikaa Agincourt, kwenye nyumba ya matofali iliyobaki katikati ya maduka mapya, na kufika kwake kutoka kwangu ilikuwa ni kuvuka jiji zima. Alikuwa wakili mstaafu, mjane, mrefu, mwenye nyusi zilizohitaji kuchanwa. Nilipoanza kwenda kwake akili yake ilikuwa timamu. Tatizo lilikuwa miguu tu. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili, ingawa yeye alisema Kiingereza, tena kile cha kuvaa tai.

Siku ya kwanza aliniuliza ninatoka kwa nani. Hakusema natoka wapi, alisema kwa nani. Nikamtajia baba, babu, baba wa babu, na yule aliyekuja Tabora na misafara akaoa akabaki. Uso wake ukafunguka. Akaniambia nami nitamjua yeye ni wa nani, ila nimsaidie kwanza asimame, kwa sababu kwao habari hiyo husemwa mtu akiwa amesimama. Nikamfunga mkanda, nikamshika, akasimama nyuma ya kiti chake cha mezani, mikono juu ya egemeo, akaanza. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana na viazi vilipoa, lakini sikujali.

Babu yao mkubwa aliitwa Jotham Pellbrook. Alizaliwa Marekani kabla haijawa taifa, bondeni, mtoto wa msaga nafaka mwenye kinu cha maji. Baba alikufa mapema. Mama yake, aliyeitwa Thankful, alimpeleka mjini akafagie ofisi ya wakili na kulisha farasi wake. Nilipouliza maana ya jina la mama nikacheka, nikamwambia kwetu angekuwa Shukuru. Na mke wa Jotham, aliyeitwa Mercy, kwetu angekuwa Rehema. Mzee Walter alikunja uso mwanzoni, akasema majina hayatafsiriwi. Baada ya mwezi yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema Bibi Rehema.

Chuo cha sheria hakikuwapo. Jotham alijifunza kwa kunakili hati za yule wakili kwa mkono na kusoma vitabu vyake kwenye mwanga wa moto wa jikoni, mpaka siku moja yule wakili akamkuta anajibu swali la mteja, akajibu sawasawa, na ufagio ameshika. Alipokubaliwa kuwa wakili alipanga chumba nyuma ya duka la mtengeneza matandiko ya farasi. Inasemekana wateja wake walinuka ngozi mahakamani, na majaji wakawatambua kwa harufu.

Kesi iliyompa jina ilikuwa ya mwanamke mmoja mweusi, Dinah, aliyekuwa akitumikishwa nyumbani kwa mfanyabiashara. Katiba mpya ya jimbo lao ilikuwa imesema mtu mzima hawezi kumilikiwa. Mfanyabiashara hakubisha, alisema Dinah si mtumwa wake, ni mfanyakazi tu aliyekubaliana naye, na sasa anahama naye kwenda jimbo jingine. Dinah alijua kwamba huko utumwa bado ni halali. Jotham alisimama bila karatasi, kama alivyofanya maisha yake yote, akamuuliza yule bwana swali moja: akifa leo, Dinah atabaki na nani? Bwana akajibu bila kufikiri, atabaki na mwanangu. Jotham akawageukia majaji, akasema, "Mfanyakazi harithiwi." Akakaa. Dinah akatoka mahakamani kupitia mlango wa mbele.

Hapo ndipo wilaya yake ikampeleka kwenye Bunge la jimbo, wakampeleka tena na tena. Kisha ukaja muswada wa kuziruhusu wilaya kuwafukuza wageni wasio na ardhi, kabla hawajawa mzigo. Watu wake wote waliutaka. Rafiki zake waliutaka, hata mtengeneza matandiko. Jotham akasimama, akasema mama yake alipompeleka mjini na yeye hakuwa na ardhi, akapiga kura ya kukataa. Mimi niliyekuwa nimesimama pale Agincourt, mgeni nisiye na hata kiwanja cha kupanda mchicha, nilimpenda huyo mtu papo hapo, na sioni haya kusema hivyo.

Uchaguzi uliofuata alishindwa vibaya. Matokeo yalisomwa kanisani, na hakuna aliyempa mkono. Nje kulikuwa na theluji, na farasi wake alikuwa ameumia mguu, anachechemea. Jotham hakumpanda. Alimshika hatamu, wakatembea pamoja njia yote mpaka nyumbani. Mercy alikuwa amesimama mlangoni. Akamuuliza, "Umeshindwa?" Jotham akasema, "Farasi ameumia mguu." Akampeleka zizini kwanza.

Hadithi inaishia hapo, halafu msimuliaji anashusha ukoo. Jotham akamzaa Silas, aliyevuka ziwa kuja Kanada. Silas akamzaa Amos, fundi wa mapipa. Amos akamzaa Josiah, Josiah akamzaa Henry, Henry akamzaa Walter. Kila mtoto wa Pellbrook alipofika umri wa miaka tisa alisimama nyuma ya kiti chake siku ya sikukuu ya mavuno, watu wote mezani, akaisema yote bila karatasi. Akimaliza sawasawa, baba alimwambia neno moja, "Kaa," ndipo akala. Mzee Walter alisema kuambiwa kaa na baba yake kulimfurahisha kuliko siku aliyoapishwa kuwa wakili.

Baadaye, siku nyingine mezani, nilimuuliza kwa nini asiiandike. Akaniambia Jotham alikuwa akisema anayesoma kwenye karatasi hajaamini bado. Niliona huo ni ukaidi, nikamwambia, naye akafurahi kama amesifiwa. Halafu furaha ikamwisha. "Binti yangu hataki kuisikia," akasema. "Nikiisahau mimi, imekwisha." Aliyasema hayo akitazama viazi. Wakati huo alikuwa ameanza kuniita kwa jina la marehemu mke wake mara mojamoja, na wote wawili tulikuwa tumeshaona.

Binti huyo ni Ruth, daktari wa meno, ambaye ameniruhusu niyaandike haya. Alikuja kila Jumapili bila kukosa. Alileta dawa, alilipia mafundi wa paa, alimbusu baba yake kipajini, na alikaa dirishani na koti lake limefungwa vifungo vyote mpaka saa ya kuondoka. Mzee akianza tu kumtaja Jotham, Ruth alikumbuka jambo la kufanya ghalani, nyuma ya nyumba. Nilimwelewa kidogo, maana nina binti yangu Zainabu nyumbani, anayeelewa kila neno la Kiswahili na kunijibu kwa lugha anayoitaka yeye.

Jumapili moja nikajitia kimbelembele. Nilimfuata Ruth ghalani nikamwambia baba yake anatamani kitu kimoja tu. Aliweka chini boksi alilokuwa ameshika.

"Nilisimama," akasema. "Nilikuwa na miaka tisa. Nilisema yote, mpaka kwenye theluji, nikasema Jotham alipanda farasi akarudi nyumbani. Alikuwa na farasi, si ndiyo? Mtoto angefikiri nini? Baba akasema, 'Tena.' Nikasema tena, nikakosea palepale. Wote walikula. Mimi nilisimama mpaka chakula changu kikaganda mafuta. Sikusema tena hadi leo, na sitasema."

 Nilimsaidia kubeba boksi. Kumbe na Mzee Walter alikuwa anakumbuka, kwa sababu siku moja nikimkata kucha alisema bila kuulizwa, "Nilikuwa mkali mno kwa mtoto. Baba yangu angeniacha nikae." Nikamwambia amwambie Ruth. Akasema atamwambia Jumapili. Jumapili ilipofika alikuwa amesahau, na mimi si wa kuomba msamaha kwa niaba ya mtu mwingine, kwa hiyo sikumwambia Ruth, ingawa iliniuma.

Akili yake iliendelea kushuka. Ule mwaka alioanza kukataa kuoga ndio mwaka ninaowaambia ulikuwa kazi ngumu. Alikuwa bado na nguvu, na mtu mwenye aibu na nguvu kwa pamoja ni hatari bafuni. Alinirushia sabuni. Wasaidizi wawili walikwenda kwake siku nilizopumzika, wakaomba wasirudishwe. Ndipo nikamkumbuka Mama Nsimire na kola yake.

Nikaanza kumsimulia Jotham, kwa makosa. Nilisema baba yake alikuwa mvuvi. "Msaga nafaka," akasema, na mkono mmoja ukaachia ukingo wa beseni la kuogea. Nilisema Dinah alitorokea mlango wa nyuma. "Wa mbele. Alitoka mlango wa mbele," na hapo tayari nimeshamsugua mgongo. Wakili hata akili ikimwacha hawezi kuuacha uongo upite bila pingamizi. Kosa lililomwamsha kuliko yote lilikuwa la farasi. Nikisema Jotham alipanda farasi akarudi nyumbani, mzee alikaa wima kwenye maji, akanyoosha kidole, akasema, "Alitembea," kwa sauti ambayo nadhani majaji waliijua. Nililihifadhi hilo kwa siku mbaya tu, nisije nikalichosha.

Wanjiru alipokuja kujifunza kwangu alifikiri ninamtania mzee wa watu. "Auntie, si ni vibaya kumdanganya?" aliniuliza. Nikamwambia amtazame uso. Alimtazama, naye akajaribu, akasema mke wa Jotham aliitwa Susan, akapata mhadhara wa nusu saa. Siku hizi ni hodari kunishinda.

Muda ukafika makosa yenyewe yakaanza kupita. Nikasema mvuvi, akanyamaza. Nikasema mlango wa nyuma, akatazama taulo. Majina ya ukoo yaliondoka kuanzia chini, kwanza la Henry baba yake, halafu la Josiah, likafuata la Amos. Mwisho alibaki na lile la farasi peke yake, na hata hilo likawa kidole tu bila sauti, kisha likawa kuhema. Nilikuwa nalia ndani ya basi kurudi Dixon, nawaambia ukweli. Mafunzo yanasema usimzoee mteja kupita kiasi, na sijui aliyeyaandika aliwahi kumwogesha nani.

Alifariki majira ya kuchipua yaliyofuata, asubuhi, akiwa amelala, na sitaki kumalizia kwa hilo. Nataka kumalizia kwa Jumapili moja ya baridi kabla ya hapo.

Mzee alikuwa hajasema neno kwa wiki nyingi. Nilikuwa nimempikia supu ya kuku na kumkalisha mezani, kwenye kiti chake. Kijiko cha kwanza alikiacha kikamwagika kidevuni. Nikamfuta, nikaanza kumsimulia Jotham, kwanza sawasawa, kwa sababu nilikuwa nimechoka kukosea peke yangu. Nilipofika kwenye theluji nikajaribu. Nikasema, "Jotham akapanda farasi, akarudi nyumbani." Kidole hakikuinuka. Nikamsogelea sikioni, nikasema tena, "Akapanda farasi, Mzee. Akarudi nyumbani." Alikuwa anatazama mvuke wa supu.

"Alitembea."

Niligeuka. Ruth alikuwa mlangoni mwa jikoni, na koti lake, theluji bado mabegani. Sikuwa nimemsikia akiingia. Alikuwa amekasirika, na sijui alinikasirikia mimi au nani.

"Alitembea," akasema tena, na hakuwa ananiambia mimi. "Farasi alikuwa anachechemea. Hakumpanda." Alikuja mpaka mezani, akashika egemeo la kiti kilichokuwa mkabala na baba yake. Kiti kile hakuna aliyekuwa akikikalia. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa baridi. "Alimshika hatamu, wakatembea pamoja njia yote mpaka nyumbani. Mercy alikuwa mlangoni. Akamuuliza, 'Umeshindwa?' Jotham akasema, 'Farasi ameumia mguu.' Akampeleka zizini kwanza."

Nilidhani ataishia hapo. Alivuta pumzi akaendelea, polepole, kama anayeshuka ngazi gizani. Jotham akamzaa Silas, aliyevuka ziwa. Silas akamzaa Amos, fundi wa mapipa. Amos akamzaa Josiah. Josiah akamzaa Henry. Henry akamzaa Walter. 

"Walter akanizaa mimi," akasema.

Mzee Walter aliinua macho kutoka kwenye supu. Alimtazama Ruth kwa muda mrefu, midomo inahangaika, nami nikaweka kijiko chini.

"Kaa," akasema.

Ruth alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua, akakaa. Nikampakulia. Supu ilikuwa bado ya moto.